Pua ya Mwasisi

Mji usio na historia ni kama ng'ombe asiye na mkia: nzi hutua wapendapo. Mwaka wa 1994, nzi aliyetua kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea, ng'ambo ya Kenyenya, aliitwa Ogari, na alivaa tai.

Aliwakuta wazee hotelini wakibishana ni babu ya nani aliyechimba jiwe la kwanza. Mate yakamjaa kinywani.

"Kiwanda kinakuja," alimnong'oneza Mzee Onsongo. "Ukoo wa mwasisi ndio utakaokisimamia. Sanamu yake itasimama njia panda. Mwasisi ni babu yako, tata, baba yangu. Kilichobaki ni mbuzi mmoja tu wa kusafishia jina."

Onsongo akaleta mbuzi. Manasseh, mzee wa ukoo mwingine, naye akaleta, kwa siri. Kufikia Ijumaa, mwasisi mmoja alikuwa na koo saba, na Ogari alikuwa na mbuzi saba.

Alipanga kutoroka Jumamosi.

"Sabato, ndugu," dereva wa lori alimwambia. "Hata mbuzi wapumzike."

Ikabidi asubiri sherehe ya kuzindua sanamu Jumapili. Hakuogopa sana. Alikuwa amemwagiza Nyanchera, mjane mpiga msasa, aache uso wa sanamu laini kama yai, ili kila ukoo umwone babu yake.

"Na nyanya yangu?" Nyanchera alikuwa amemuuliza. "Aliosha kila jiwe lililotoka hapa."

"Mama, historia haiandiki waosha mawe."

Nyanchera aliitazama tu pua ya Ogari, iliyopinda kushoto, akaitazama tena.

Jumapili shuka iliyoifunika sanamu ikavutwa.

"Babu yangu!" Onsongo alipaza sauti kabla haijagusa chini.

"Wangu!" Manasseh akafoka. Wakadai wote saba. Ndipo wakaangalia.

Pua ilikuwa imepinda kushoto.

Macho yakahama kutoka kwa jiwe hadi kwa Ogari.

"Basi huyu ni mjukuu wenu nyote," Nyanchera alisema taratibu.

Wazee wa pale ni heri wameze mchi kuliko kumeza maneno yao. "Karibu nyumbani, mwanangu!" Onsongo alilia. "Mjukuu aliyepotea akirudi, huchinjia ukoo!"

"Mimi ni mtu wa Magwagwa, si wa hapa!" Ogari alipinga.

"Hata babu alikuwa mbishi hivyo hivyo," Manasseh alisema, akifuta machozi.

Mbuzi wote saba waliliwa kabla ya jua kutua. Jumatatu, koo saba zikiwa zimeketi kumlinda mjukuu wao asipotee tena, Nyanchera alimletea karai la maji na kipande cha msasa.

"Haya, mjukuu," alisema kwa upole. "Mawe hayajioshi."