Korongo Aliyeanguliwa Sabato

Jumatatu, 6 Desemba 1971

Likizo. Hakuna aliyenitembelea. Nimemaliza kitabu cha ndege kwa mara ya nne. Korongo mwenye taji aliishi kwenye kinamasi chetu hapa Manga, mpaka watu walipoanza kukikausha. Nyanya aliwaona wakicheza. Mimi nimeona picha tu.

Leo nimeleta yai la korongo kutoka kinamasi cha Magwagwa. Kiota kilikuwa na matatu. Wazazi hawatajua moja limepungua. (Nadhani. Mmoja alinifukuza mpaka barabarani.) Mpango: nimlee, arudishe uzao wa korongo kinamasini. Kitabu kinasema kifaranga humfuata yeyote anayemwona kwanza. Huyo nitakuwa mimi. Atanifuata kila mahali. Sijawahi kufuatwa na mtu.

Jumanne, 7 Desemba

Kuku wa Mama amelisukuma yai nje mara mbili, kisha akanidonoa. Sasa liko kikapuni kando ya meko, ndani ya sweta yangu ya shule. Mama ameuliza sweta iko wapi. Nimesema inapumzika.

Shida kubwa ni Baba. Anataka kupanda mikaratusi kinamasini. Amempa binamu yangu Ratemo kazi ya kuchimba mifereji ili maji yatoke. Ratemo alitengwa na kanisa kwa sababu ya pombe ya busaa, na Baba ni mzee wa kanisa, kwa hiyo hawaongei ila habari za jembe. Nilimsihi Ratemo asichimbe. Nikamweleza korongo wataishi wapi. Akauliza kama korongo huchuma chai. Tangu hapo ananiita Baba Yai, hata mbele ya Bosibori wa jirani. Bosibori alicheka. Nilijifanya natafuta kitu chini.

Ijumaa, 10 Desemba

Yai linalia kwa ndani! Nimelishika sikioni mpaka mkono ukafa ganzi.

Mfereji wa kwanza umekwisha. Lazima kifaranga atoke upesi. Mama amepika chakula cha kesho kabla ya jua kutua, kama kila Ijumaa. Nimelisogeza yai karibu zaidi na majivu. Moto ule haunipi wasiwasi.

Jumamosi, 11 Desemba

Moto ule huzimwa kila Ijumaa Sabato inapoanza. Tangu nizaliwe nimekula viazi baridi kila Sabato na sikukumbuka.

Nilikumbuka kanisani, nikikariri fungu mbele ya watu. Machozi yakanitoka. Mama Nyanchera wa kwaya akasema Roho amenigusa. Baba akanikalisha kando yake, mkono begani, hadi ibada ya jioni.

Nilikimbia nyumbani. Ratemo alikuwa mlangoni. Alikuja kula viazi vyetu, akasikia mlio kwenye yai baridi, akalitia kwapani. Alisema amekaa hivyo tangu asubuhi bila kula, na kwamba ni mara ya kwanza mtu kumhitaji Sabato.

Kifaranga alikuwa ameshatoka, mwenye rangi ya mtama. Nilipiga magoti nikajitambulisha. Akajificha ndani ya shati la Ratemo.

Kitabu kilisema kweli.

Jumanne, 14 Desemba

Anamfuata Ratemo hata kazini. Jana alitumbukia mferejini akalia mpaka Ratemo akatupa jembe. Leo Ratemo amefukia mfereji wote. Alimwambia Baba mikaratusi ipandwe kule juu kwenye mawe. Na kama Baba anautaka mfereji, ashuke achimbe mwenyewe pamoja na ruba. Baba aliwatazama ruba. Akasema kule juu pia ni pazuri. Hawajaongea maneno mengi hivyo mwaka huu wote.

Kinamasi kimepona. Nililia kidogo nyuma ya choo. Haikuwa furaha yote.

Ijumaa, 17 Desemba

Ratemo amenipigia mbinja kutoka kinamasini. Amesema Baba Yai ashuke, ndege anataka mtu wa kumkamatia panzi, na yeye mwenyewe amechoka kuongea na ndege. Alikuwa amenitandikia majani ya kukalia. Kifaranga pia alinitazama.

Nimejibu kwamba sina nafasi. Lazima nifike Magwagwa na kurudi kabla ya jua kutua. Yamebaki mayai mawili kule, kama bado hayajaanguliwa. Kesho nitaugua malaria, nibaki nyumbani na yai langu, peke yangu, asije mtu kuniharibia tena.

Kikapu nimeshakiandaa. Kiko kando ya meko.