Bandeji ya Goti na Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya sita tangu wanipasue goti. Nimechukua daftari kuukuu la mjukuu wangu niandike haya, maana humu ndani hakuna anayenisikiliza. Nimelazwa sebuleni kama mzigo uliokosa mwenyewe, mguu juu ya mito miwili. Leo nimeuona mshono wa daktari. Si mbaya. Ila nafasi hazilingani, na mwishoni kaharakisha. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemwambia afumue.

Mke wa mwanangu kageuka askari jela. Mikeka yote kaikunja, eti nisijikwae. Barafu kwenye taulo, dakika ishirini. Kisha nivute kisigino mpaka goti likunjike, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Nimemwambia nimefanya. Sijafanya. Linauma!

Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Gauni nimelikata mimi, nimelishona mimi, imebaki mikono. Nilimwahidi hata meno hajaota: gauni lako la harusi halitaguswa na fundi mwingine. Na Ijumaa anakuja dada wa mazoezi kupima goti. Lisipokunjika, mkwe kasema harusini siendi. Tutaona nani haendi!

Jumanne, 4 Machi

Mkwe alipotoka kwenda sokoni nikajikongoja na gongo langu mpaka kwenye cherehani. Mguu mzima, ule usiopasuliwa, ukakanyaga pedali. Raha! Sikufika hata nusu ya mkono wa kwanza, kumbe kasahau kikapu, huyo karudi. Kauchomoa mkanda wa cherehani, kaufungia kabatini, ufunguo kautia kifuani. Akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu mkuu humu ni mimi, na guu ni langu.

Jioni akaja Sindano Mbili, fundi wa nyumba inayotazamana na yetu. Jina nilimpa mimi, siku alipovunja sindano mbili kwenye pindo moja. Eti kaja kunipa pole. Kala machungwa yangu matatu, na macho yote kwenye gauni. Akasema kama nimezidiwa, mikono ataimaliza yeye. Nikamwambia ahsante, mlango ni ule.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali! Nimejaribu kamba ya kiatu badala ya mkanda, ikakatika. Nimejaribu lastiki ya suruali ya mwanangu, ikavutika mpaka ikaniaibisha. Nikainamisha kichwa kuwaza, macho yakatua gotini. Bandeji! Ndefu, imara, inashika. Nikaifungua, nikaisokota, nikaziunga ncha kwa sindano ya mkono, nikaivisha gurudumuni. Ikazunguka! Kabla mkwe hajarudi kutoka sokoni, mkono mmoja ulikuwa tayari. Nikaifunika cherehani kwa shuka, na goti kwa blanketi. Hodari hamwagi siri.

Mazoezi sikufanya. Mguu mzima umefanya kazi ya wote wawili. Si ni ndugu hao?

Alhamisi, 6 Machi

Mkono wa pili umekwisha! Bandeji ilikuwa inateleza, nikakazana zaidi na gurudumu kuliko kitambaa, lakini umekwisha. Goti limevimba kama boga. Mkwe kauliza mbona najifunika blanketi na jua hili. Nikamwambia damu ya wazee ni baridi. Kaniongezea blanketi la pili. Nimeloa jasho tangu adhuhuri.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Aibu!

Dada wa mazoezi kaja asubuhi, kibinti chembamba, mikono kama koleo. Nikamtolea mguu mzima. Nikaukunja, nikaunyoosha, nikaukunja tena. Kasifu sana. Kisha akauliza, bibi, kovu limekwenda wapi? Nikamwambia mimi hupona upesi. Kafunua mablanketi yote mawili. Akauliza bandeji iko wapi. Nikasema imefuliwa.

Hapo mjukuu wangu anaingia kulijaribu gauni. Kavuta shuka kwenye cherehani. Bandeji hiyo, imening'inia gurudumuni, na doa la dawa juu yake. Halafu mkwe akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Laiti ingeishia hapo. Mjukuu kaipima ile mikono. Yote miwili ya kushoto. Miaka arobaini na mbili kwenye cherehani, mikono miwili ya kushoto! Nikailaumu bandeji. Hakuna aliyenitetea.

Mjukuu akapiga magoti pale chini, yeye anayakunja bila taabu, akaniambia gauni lisilo na mikono atavaa, lakini harusi isiyo na bibi hafanyi. Nikasema chaki ya kitambaa imeniingia machoni.

Dada wa mazoezi akatoa sharti: barafu, mguu juu, na goti lenyewe likunjwe kweli kweli mbele ya mkwe. Nikalikunja. Nililia kama mtoto, lakini likakunjika. Akaniruhusu kwa saa mbili tu harusini, nikiwa nimekaa.

Wakamwita Sindano Mbili. Nikageukia ukutani. Kakata mkono mpya wa kulia, kashona yote miwili, wala hakuvunja sindano. Kisha, bila kuombwa, kaniletea gauni pale pale nilipolala, akasema vifungo vya mgongoni vinataka mkono wa mkubwa. Kumi na viwili. Nikavishona mguu ukiwa hewani. Sikumshukuru. Nilimmenyea chungwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda! Kiti cha mbele, mguu juu ya kigoda. Bibi harusi kaanza kuja kwangu kabla ya bwana harusi, na vifungo havikulegea hata kimoja. Watu wakaisifu mikono. Sindano Mbili alikaa nyuma yangu. Wa kwanza nikamwambia vifungo ndivyo vyangu. Wa pili nikamwambia mikono tulisaidiana. Wa tatu nikanyamaza tu, nikatabasamu. Nikasikia mtu nyuma yangu anakohoa.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe kanifunga bandeji mpya, kaniapisha nisiiguse. Nimeapa. Mkanda wa cherehani bado umo kabatini, ufunguo kifuani. Nimekunja goti mara kumi, mara nne kati ya hizo kweli.

Bandeji hii ni pana kuliko ile, na haitelezi. Nimeifungua kidogo tu, nipime. Inazunguka gurudumu lote na inabaki ya kufungia fundo.

Maharusi hawana mapazia, maskini.