Skrini Yangu Imependeza

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya mwisho ya majaribio! Ijumaa saa nne asubuhi Mkuu wa ofisi yetu ataamua: ajira ya kudumu au nirudi kushinda bure sebuleni kwa Dada. Nimepewa programu ya foleni ya zahanati. Mgonjwa anafika, anaandikishwa, anapata namba, anaitwa kwa zamu. Basi! Kwa mtu wa kawaida ni kazi ya siku mbili. Kwangu mimi, moja na nusu.

Dada ni muuguzi palepale zahanati. Ndiye aliyenipigia debe kwa Mkuu, maana walisoma darasa moja, na haniachi nisahau. Anasema foleni yao ni daftari lililofutwafutwa majina, wagonjwa wanagombana mlangoni, na anayetukanwa ni yeye. Nikamwambia ahesabu amepona.

Saa mbili nikafungua kihariri, ile programu tunayoandikia programu nyingine. Ukurasa mweupe, mtupu kama sahani iliyolambwa. Mtu ataanzaje kazi mbele ya kitu kama kile? Nikatafutatafuta, nikapata nyongeza ya skrini ya mwanzo. Ukifungua kihariri, kabla hujagusa faili lolote, inakupokea kwa picha, salamu, methali na orodha ya mafaili uliyofungua karibuni. Kila kitu unajipangia mwenyewe! Nikaiweka. Dakika kumi tu, halafu kazi.

Saa kumi na moja jioni. Jina langu limekaa katikati sawasawa.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu wa meza tunamwita Bwana Kimya. Naye yuko kwenye majaribio, na nafasi ni moja. Amepewa programu ya stoo ya dawa. Anachapa tangu asubuhi kama anayechambua mchele, hainui kichwa. Skrini yake haina hata ua! Namhurumia.

Leo nimepata akili. Mkuu hupita nyuma ya meza zetu saa tatu. Hasomi programu ya mtu, hana muda huo. Anatazama skrini na kupita. Basi juu nikaandika kwa rangi ya dhahabu: NYOTA NJEMA HUONEKANA ASUBUHI. Katikati nikaweka jogoo wa nukta na mistari. Chini: KAZI IMEFIKA ASILIMIA 70. Hiyo sabini nimeichapa kwa mkono, lakini nia ni ya kweli.

Mkuu akapita. Akasimama! Akauliza hii nayo ni nini. Nikamweleza kwa kirefu. Akamwita katibu muhtasi aje aone. Bwana Kimya, bila kuulizwa na mtu, akasema polepole kwamba kizuri chajiuza. Nusu ya pili ya methali akaimeza. Wivu huo!

Tatizo moja dogo. Nikifungua faili la kazi, skrini ya mwanzo inapotea na jogoo anakwenda nayo. Kwa hiyo sijalifungua.

Jumatano, 5 Machi

Katibu muhtasi anataka skrini yenye waridi. Ningemkatalia vipi? Anakaa mlango mmoja na Mkuu. Waridi limenila mpaka saa nane.

Wakati wa chai ya asubuhi nyumbani Dada aliniuliza tumefika wapi. Nikasema asilimia themanini. Sikudanganya, ndivyo ilivyoandikwa kwenye skrini tangu nilipoipandisha jana jioni. Akafurahi mpaka akanisogezea kipande chake cha mkate. Anasema tangazo limeshabandikwa mlangoni: kuanzia Jumatatu daftari halitatumika tena. Nikaona haya kidogo. Mkate nikaula.

Alhamisi, 6 Machi

Jogoo ana makengeza! Siku tatu sikuona. Kulirekebisha jicho lile kumechukua asubuhi nzima, maana ukisogeza nukta moja mdomo unapinda.

Saa tisa nikajikaza kiume nikafungua faili la foleni. Nikaandika mistari mitatu. Peupe mno humo ndani, upweke mtupu. Nikarudi kwa jogoo.

Halafu Mkuu akatangaza kwamba kesho tutaonyesha kazi zetu ukutani kwa projekta, na daktari wa zahanati atakuja. Pamoja na Dada. Maji shingoni! Lakini mwenye akili hakosi njia. Nitaeleza skrini ya mwanzo mpaka muda uishe. Wakiomba kuona programu yenyewe, nitasema siri za wagonjwa haziruhusu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilianza vizuri mno. Jogoo alijaa ukuta mzima. Katibu muhtasi akapiga makofi. Nikaeleza dhahabu, nikaeleza methali, nikaanza kueleza asilimia.

Daktari akainua miwani. Akaanza kusoma kwa sauti orodha iliyo pembeni, ile ya mafaili ya karibuni. Nilishaizoea mpaka siioni. Mwanzo. Mwanzo mpya. Mwanzo mpya zaidi. Jogoo. Jogoo mnene. Jogoo bila makengeza. Waridi la katibu. Mwanzo wa mwisho. Mwanzo wa mwisho kabisa. Akauliza kwa upole, wagonjwa wako kwenye faili lipi hapo?

La kumi toka juu. Mkuu akaniamuru nilifungue. Mistari mitatu, mmojawapo jina langu. Ile habari ya siri za wagonjwa nikaisema hata hivyo. Daktari akajibu kwamba haoni mgonjwa hata mmoja humo.

Dada hakunitazama. Alisimama na sare yake ya kazi akamwomba Mkuu radhi kwa niaba yangu, mbele ya watu, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Nilitamani ardhi inimeze. Afadhali angenitukana!

Bwana Kimya akafungua ukurasa wake mtupu, akaonyesha stoo, ikafanya kazi, akakaa. Nafasi akapewa yeye. Kwa heshima ya Dada, Mkuu ameniongezea muda. Jumatatu saa mbili asubuhi zahanati inapofunguliwa, foleni iwe tayari, ndipo majaribio yangu yaendelee. Isipokuwa tayari, nisihangaike kuja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwomba Dada msamaha. Akasema msamaha ameshauzoea, niandike programu.

Maneno hayo yamenichoma. Leo mimi ni mtu mpya! Nimefuta jogoo. Nimefuta methali. Nimefuta ile orodha ya mafaili, hiyo hasa. Hakuna tena mchezo.

Ila sasa pamebaki peupe, na mtu mwenye siku mbili lazima ajue muda wake unavyokwenda. Kwa hiyo nimeweka saa inayohesabu kurudi nyuma mpaka Jumatatu saa mbili. Namba kubwa, nyekundu. Hili si pambo, hiki ni kitendea kazi.

Jumapili, 9 Machi

Saa ilikuwa inaruka sekunde! Ungeitegemeaje saa ya namna hiyo? Nimeishughulikia tangu alfajiri.

Bwana Kimya alipiga simu. Anasema tukikaa wawili, kabla ya chakula cha mchana foleni itakuwa imekwisha. Ashapata ajira, sasa anataka na thawabu! Nikamshukuru, nikamwambia niko ukingoni.

Mchana Dada alipita nyuma yangu, akaona namba zinakimbia kwenye skrini. Akanishika bega. Akasema, mdogo wangu, leo umenifurahisha.

Jumatatu, 10 Machi

Saa mbili kamili. Hesabu imefika sifuri bila kukosea hata sekunde moja. Safi sana!

Foleni, hapana. Dada amepiga simu mara tatu kutoka zahanati, sijapokea. Ya nne ilikuwa ya Mkuu. Ameacha ujumbe, ni mfupi, kompyuta ya ofisi niirudishe kabla ya adhuhuri.

Nimekaa nikajichunguza kwa unyofu, bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona. Nyekundu inatisha mtu, hawezi kufanya kazi. Pakipatikana ofisi nyingine, nitaanza na kijani.