Saa Moja Hadi Arua

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kosa la watu wengi ni kupima safari kwa kilomita. Safari hupimwa kwa saa! Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, kwa hiyo naeleza hata nisipoulizwa.

Dada yangu Kaltumi anaumwa sana huko Arua. Binti yake Husnah kapiga simu: mjomba, mama anakuulizia, njoo haraka. Nikatoa ramani na rula. Entebbe hadi Arua kwa ndege, saa moja na ushei. Kwa barabara, siku nzima ya kutikiswa mifupa. Hesabu imekwisha.

Mdogo wangu Latif, fundi wa magari kule Kisenyi, anapanda basi leo jioni. Akasema: kaka, twende wote, nimekushikia kiti cha dirishani. Nikamwambia kiti changu kina mawingu dirishani.

Ndege hairuki kila siku. Ya karibu ni keshokutwa. Mke wangu Sharifah akauliza kama siku mbili za kungoja zimo ndani ya ile saa moja. Nikamweleza kwa upole kwamba kungoja si kusafiri.

Jumanne, 15 Julai

Latif kafika asubuhi. Kamnywesha Kaltumi uji, na Kaltumi kaumaliza. Uji! Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyembeba Kaltumi mgongoni utotoni.

Husnah anasema mama kauliza Wahabi yuko wapi. Latif kajibu, anakuja na ndege. Kaltumi kasema: basi huyo atachelewa. Wakacheka wote, na mgonjwa naye.

Nimeumia. Kesho nitashuka kutoka angani, tuone nani atacheka.

Jumatano, 16 Julai

Foleni ya magari tangu kwetu Kasubi. Entebbe wakanipima kwenye mizani pamoja na begi langu, kama gunia la mahindi. Ndege ndogo huhesabu kila kilo. Nakubali, ni sayansi.

Kisha tukaambiwa Arua kuna mvua, tungoje. Nilimweleza mama mmoja, Alanyo, jinsi mawingu yanavyojengeka. Akahama kiti.

Simu ya Latif. Kaltumi amefariki. Latif alilia hata sikusikia mengine, ila kwamba watazika baada ya alasiri, maiti hacheleweshwi.

Mwishowe tukaruka. Nilitazama saa yangu njia nzima. Saa moja na dakika chache, vilevile nilivyosema! Hapakuwa na wa kumwambia.

Nilikuta kaburi limeshafukiwa. Latif alinipa sepetu, akanionyesha pembe moja aliyoniachia nijaze. Hakunitania. Afadhali angenitania.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Niko nyumbani tena. Latif amebaki Arua. Homa imemlaza tangu matanga na haishuki. Husnah kapiga simu asubuhi hii: mjomba, mjomba Latif hali chakula, anamtaka kaka yake.

Sharifah alikuwa ameshafunga begi langu. Akasema basi linaondoka jioni, nami nisianze masomo yangu. Nikamkalisha, nikamweleza taratibu. Ya safari ile yalikuwa makosa ya mvua, si ya hesabu. Hesabu ilitimia! Akaingia chumbani akafunga mlango. Nilisikia analia, nikamwelezea kupitia mlangoni.

Saa moja tu, nami nipo kando ya kitanda cha mdogo wangu. Ndege ni Jumatano.

La kufanya leo: peleka kwa dobi suti ya kuvaa kwenye ndege.