Ushindi wa Nafasi ya Tatu

Jumapili, 8 Mei 2005

Mvua tangu alfajiri. Mlima Meru umejificha. Leo wanachama wa kanda yetu wamepiga kura za maoni ukumbini Olasiti, wa kwanza nchi nzima, kuchagua nani agombee urais kwa tiketi ya chama. Kanda nyingine zitafuata. Habari ya ushindi wa Mhandisi Aminiel niliiandika tangu Alhamisi. Blogu yangu ndiyo sauti yake huku. Akiingia Ikulu, mimi ndiye mwandishi wake. Hajaniahidi, ila aliwahi kunishika mkono Usa River na akachelewa kuuachia.

Nilikwenda kuiweka mtandaoni kwa Said, mwenye intaneti kafe Kaloleni. Rafiki yangu tangu darasa la tatu. Naye ana blogu, ya kumpigia debe Dokta Sakaya. Tunaandika meza zimepakana, kila mtu anamponda mgombea wa mwenzake, halafu mkewe Twahira anatuletea wali maharage kwenye sinia moja. Leo hakuleta. Yuko Olasiti, ndiye msimamizi wa kura.

Jioni matokeo. Dokta wa kwanza, kaacha watu mbali. Wa pili Mama Evaresta, ambaye anaumwa na hakukanyaga mkoa huu. Mhandisi wa tatu. Nimepanda kitandani na viatu.

Jumatatu, 9 Mei

Nimeamka na mkakati. Kichwa cha habari: "Mhandisi Atwaa Nafasi ya Tatu Kanda Ngumu." Nimeeleza kwamba wafuasi wetu wengi wanakaa kwenye tope na hawakuweza kutoka. Msomaji mmoja aliyeko ng'ambo akauliza wagombea walikuwa wangapi. Nikafuta swali lake. Said akamjibu kwenye blogu yake: watatu.

Fulana zetu zilivaliwa Olasiti nzima! Nilizihesabu kama kura. Said kaniambia, kwa upole unaoudhi, kwamba kulikuwa na baridi.

Jumanne, 10 Mei

Nimempigia simu katibu wa Mhandisi kumpa pole. Nilipojitaja, akauliza Elifuraha ni nani. Siku nzima sina raha. Nahitaji habari nzito.

Habari imeletwa na sinia. Wakati tunakula, Twahira alisimulia taabu za Jumapili: paa la ukumbi linavuja, ikabidi sanduku la kura lihamishiwe stoo, akalifunika kwa khanga yake lisilowe. Mawakala wa wagombea wote walikuwepo. Wetu ndiye aliyeshika upande wa pili wa sanduku. Nilimsifu, nikaongeza maharage.

Kisha nikageukia kompyuta: "Sanduku la Kura Lafichwa Stoo, Lafunikwa Khanga." Mawakala sikuwataja, habari ingerefuka. Jina lake pia sikulitaja. Nimeandika tu "msimamizi mmoja mwanamke". Kwamba msimamizi mwanamke alikuwa mmoja tu, nimelikumbuka wakati nanawa mikono.

Alhamisi, 12 Mei

Sijawahi kupata wasomaji namna hii! Blogu za Dar zimenakili. Mtu kachapisha, kabandika sokoni. Katibu wa Mhandisi kapiga mwenyewe, na safari hii jina langu alilijua. Twahira kaitwa ofisi ya chama kujieleza. Wanawake wanamwuliza bombani khanga ile ilificha kura ngapi.

Said hakugomba. Nilipofika aliniambia tu kwamba kiti cha karibu naye kina mtu. Nikatazama. Hakikuwa na mtu. Nikakaa kwenye kompyuta ya mlangoni, ile inayopigwa na manyunyu. Sinia halikuja.

Ijumaa, 13 Mei

Sikulala vizuri. Nimekwenda Engutoto kwa shangazi Anande. Kabla sijamaliza shikamoo akasema amesikia yote. Akatoka na panga, akakata jani la isale kwenye ua wake. Kwetu Uchagani mwenye kosa hupeleka isale, na aliyekosewa akishaliona hawezi kumfukuza. Shangazi akanisisitizia kwamba jani peke yake halitoshi: nikifika nitaje kosa langu kwa mdomo, halafu nikalifute pale nilipoliandika.

Sehemu ya jani nimeielewa vizuri.

Jumamosi, 14 Mei

Nimepeleka. Said kwao ni Kondoa, lakini kakulia hapa na anajua isale ni nini. Alisimama, akalipokea kwa mikono miwili, akamwita mkewe. Twahira alikuja, macho yamevimba. Wakasimama wakisubiri. Nami nikasubiri.

Mwishowe Twahira akaniuliza, shemeji, je, nitaandika kwamba wakala wetu alimsaidia kubeba sanduku? Nikamwambia mambo ya blogu ni ya blogu, na ya nyumbani ni ya nyumbani. Halafu akasema kwa kuwa nimekuja na jani, yeye hakatai, ameachilia. Nilitaka kulia. Nawapenda watu hawa, kusema kweli. Tukala sinia moja. Nikawapiga picha, Twahira ameshika isale.

Jumapili, 15 Mei

Kanisani picha ile haikunitoka akilini. Ni picha nzuri mno kukaa bure.

Saa nane nikaiweka, kwa kompyuta ya Said mwenyewe, yeye kaenda msibani. Kichwa: "Kambi ya Dokta na Jani la Isale: Kama Hakuna Kosa, Msamaha wa Nini?" Hakuna uongo hata mmoja humo. Sikusema tu nani alimpelekea nani.

Jumanne, 17 Mei

Siku mbaya. Wachaga wote wa mji huu wameisoma. Shangazi katuma ujumbe kwamba nisikanyage Engutoto, nimelifanya isale kuwa chambo.

Mchana, pigo la pili. Mhandisi kajitoa, na anamuunga mkono Dokta Sakaya! Katibu kaniagiza nifute kila kitu kwa ajili ya mshikamano. Nimefuta ile ya nafasi ya tatu. Za khanga na isale zina wasomaji.

Twahira ameacha usimamizi. Hakufukuzwa. Amesema tu hawezi tena kushika kitu cha watu.

Said nilimkuta mlangoni. Sikutukanwa, na afadhali ningetukanwa. Aliniambia miaka yote hii amekuwa akiwaeleza watu mimi ni mtu wa namna gani, na sasa amechoka kueleza. Kisha akaniomba nisogee mteja apite. Nikasogea. Nikasimama ng'ambo ya barabara, chini ya paa la bucha, mpaka mvua ikanionea aibu, ikakatika. Nimeumia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumamosi, 21 Mei

Naandika kutoka kafe ya Usa River. Baridi, mtandao wa kuvuta kwa kamba. Hapa hakuna anayenijua, kwa hiyo hakuna wa kula naye. Nimefungua blogu mpya, ya Dokta Sakaya. Nimemwamini siku zote, kwa ndani.

Na kuna heri! Chama kinatafuta msimamizi wa kura Olasiti, nafasi iko wazi. Anatakiwa mtu mwadilifu. Nimeomba. Wanataka pia jina la jirani mmoja anayenifahamu kwa miaka mingi, wakamwulize mimi ni mtu wa namna gani.

Nimemwandika Said.