Gari ya Blanchard Inakula Buji Zake Yenyewe

Kindu, Jumatano asubuhi

Kwa Mukubwa Anaclet,
Msimamizi wa Chama cha Kutetea Wanunuzi,
Mtaa wa Kasuku

Mukubwa Anaclet, mwenye kusikia vilio vyetu sisi tunaonunua,

Anayekuandikia njo mimi, Ferdinand wa nyuma ya soko, muntu ambaye bila yeye Kindu hii ingetembea kwa miguu mpaka leo. Miaka ya vita, askari walipobeba kila kitu chenye magurudumu, hata toroli za wajenzi, lori moja tu ilibaki katika avenue yetu: ile ya tajiri Godefroid, na dereva wake nilikuwa mimi. Walikuja kuiwasha mara saba. Makoloneli walitoka jasho, lori kimya. Namna nilivyofanya ni siri ya kazi, siiandiki kwenye karatasi. Nataka tu ujue kwamba anayelalamika si mutoto mbele ya gari.

Sasa shida yenyewe. Mwezi wa tatu nilichukua kwa Blanchard, muuza magari wa karibu na stesheni, gari ndogo nyeupe iliyokwisha kutumika, kwa kredi ya mwaka mmoja, na karatasi ya garanti yenye muhuri. Kwa kuwa inakufa kila mara, nimeacha kulipa. Blanchard naye anasema Jumamosi anakuja kuichukua. Na Jumamosi hiyo njo ndoa ya Nicole, mutoto wa dada yangu, ambaye nimeahidi mbele ya familia mbili kumupeleka kanisani kwa gari yangu. Mimi njo muyomba wake. Muyomba mwenye jina hapeleki bibi arusi kwa baiskeli. Mashitaka yangu ni haya:

1. Mchana gari haina kosa. Imekwenda Kailo na kurudi na watu tisa na mbuzi. Lakini asubuhi unakuta imekufa. Gari yenye heshima inakufa njiani, watu wanaona, wanasukuma, wanatoa pole. Hii inakufia nyumbani, mbele ya muke wangu Adèle, ambaye hatoi pole.

2. Kila fundi Florentin akifungua, anakuta kitu kinakosa. Kwanza buji moja, kile kidude kinachopiga moto ndani ya mashine. Juma lililofuata, buji mbili. Kisha waya munene wa betri. Florentin ameapa kwamba katika miaka ishirini ya kazi hajaona gari inayokonda.

3. Nilifikiri ni wezi. Nikalala ndani ya gari siku tatu. Mwizi hakuja, na siku zote tatu gari iliwaka vizuri. Basi imethibitishwa: si wezi. Gari yenyewe inakula buji zake, na inaona haya kula nikiwa ndani.

4. Hapa nauliza sheria. Blanchard aliniuzia gari ama nyama wa kufuga, kama mbuzi? Kama ni wa kufuga, chakula chake kiko juu ya nani? Garanti nimeisoma mbele na nyuma, hakuna mahali imeandikwa kwamba mununuzi atalisha. Mpaka leo nimelisha buji kumi na moja.

5. Blanchard alicheka. Alicheka mbele ya wakwe wa Nicole! Akasema gari ni mzima, mgonjwa ni mwenye gari. Neno hilo liandikwe peke yake, ni kosa kubwa kuliko buji zote.

Kwa hiyo naomba Blanchard asiguse gari yangu mpaka alete nyingine iliyokwisha kushiba. Kama hana, basi Jumamosi amubebe Nicole mgongoni yeye mwenyewe mpaka kanisani, nguo ya arusi isiguse tope, na mimi nitatangulia nikipiga honi kwa kinywa.

Naweka kalamu chini nikiwa na hasira yenye adabu. Unisalimie mama wa nyumbani kwako, wazee wote wa chama, jirani yako Abedi na watu wa msikiti wake, na yule anayekusomea barua kama miwani haijapatikana.

Mununuzi aliyeonewa,
Ferdinand, dereva wa vita na wa amani

P.S. Mukubwa, barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Adèle ametoka kung'oa mihogo nyuma ya nyumba. Ameweka juu ya meza mihogo mitano, na buji tisa zilizofungwa ndani ya kitambaa changu, kwa fundo langu. Aliziosha pamoja na mihogo. Ile siri ya lori ya Godefroid njo hii: kila jioni nilitoa kidude kimoja nikakizika, asubuhi nikakifukua. Inaonekana mikono yangu, nikifika nyumbani, bado inazika, kichwa kikiwa tayari kwenye chakula. Kufukua tu njo imesahau. Tafadhali usisome barua hii mbele ya watu. Umwambie Blanchard nitalipa, aniachie gari Jumamosi ipite. Zimebaki buji mbili na ule waya, nafikiri upande wa migomba. Chama kinikopeshe jembe, kwa sababu la kwetu Adèle amelificha.