Turudishie Konyezo la Katibu

Ndugu Daktari wa Wanyama,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni: tak. Ni ile kola pana ya plastiki uliyomvisha paka wetu, ikigonga mguu wa kitanda, kisha kabati, kisha mlango, kisha mlango uleule kwa upande wa pili. Kola imeshavuliwa, jicho limepona, nawe bila shaka unadhani umetutendea wema. Naandika kwa heshima zote kukujulisha kwamba umeivuruga nyumba yetu.

Kama umenisahau, mimi ndiye niliyekuja na paka wa kijivu ndani ya kapu la nguo, pamoja na bibi yangu aliyekuuliza kama umeoa. Paka huyo tunamwita Katibu. Tunaishi naye watu watatu: Bibi, Mjomba ambaye ni fundi saa, na mimi niliyemaliza masomo na sasa nayarudia nyumbani kwa sauti. Malalamiko yangu ni haya.

1. Umetuondolea konyezo. Kabla yako, Katibu alikuwa akikonyeza kwa jicho la kulia. Bibi akisema mchuzi umekolea, Katibu anakonyeza. Mjomba akisema hajawahi kushindwa na saa, anakonyeza. Nami nilipomsomea tasnifu yangu, sura ya nne, ambayo msimamizi wangu mwenyewe aliisinzilia, Katibu alikonyeza pale hasa penye hoja. Wewe ukaja na tone lako la rangi, ukazima taa, ukammulika, mkwaruzo ukang'aa kijani juu ya kioo cha jicho, ukasema: "Huyu hakonyezi. Huyu anaumwa." Daktari, kuna namna ya kumwambia mtu jambo kama hilo.

2. Umetuachia nyumba isiyo na utawala. Jambo lolote lilipotushinda tulimuuliza Katibu; akikonyeza, limepita. Kwa kuwa jicho lilimuuma mchana kutwa, kila kitu kilipita, na tuliishi kwa amani. Sasa anatukodolea macho yote mawili. Ukuta wa sebule una rangi mbili, buluu ya Mjomba na njano ya Bibi, zimepakana katikati kama majirani wenye kesi.

3. Umetuelimisha kupita kiasi. Dalili ulizotutajia Bibi amezishika kama sala: jicho linalofumbwafumbwa, machozi, wekundu, tongotongo za kijani, utando unaochungulia kwenye kona, mboni moja kubwa kuliko ya pili. Hukumwambia kwamba ni za paka tu. Mchumba wa Mjomba alikuja kutusalimu, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kufumba na kufumbua, Bibi alikwisha kuleta pamba na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. "Tulia, mwanangu," akamwambia, amemshika kidevu. "Tunafuta kutoka kona ya ndani kwenda nje, na kila jicho na pamba yake." Mchumba hajarudi. Mjomba anasema hilo ni deni lako.

4. Umemdhalilisha Mjomba. Mtu huyu hushinda na lenzi jichoni akisaka chembe ya vumbi ndani ya saa za watu. Mkwaruzo ulilala mapajani pake, ukikoroma, hakuuona. Juu ya hayo ulimkataza mbele yetu kumtilia paka dawa yake mwenyewe ya macho, ukasema baadhi ya dawa za watu huzidisha jeraha. Alikuwa ameshaitoa mfukoni kwa moyo mkunjufu. Na ulipoagiza tumviringe Katibu kwenye taulo, tumtilie tone kwa nyuma ili asiione chupa, hukufafanua kwamba ndani ya taulo anatakiwa awemo paka peke yake. Mkono wa Mjomba ulikuwemo.

5. Umemfanya atuone. Hili naliandika taratibu. Katibu sasa hukaa juu ya kabati akinitazama nikisoma, macho mangavu, wala hakonyezi. Nilikuwa najua kwamba humu ndani yupo mmoja anayenielewa. Sasa nayapitia makonyezo yale moja moja. Lile la sura ya nne, maumivu. Lile la siku niliyolia jikoni, naye akaja akakaa mbele yangu akanikonyeza, maumivu. Yeye anateseka, mimi namshukuru.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, cheti chenye mhuri kinachothibitisha kwamba angalau konyezo moja lilikuwa la kweli. Utachagua mwenyewe lipi. Ningependa la jikoni. Hadi kitakapofika, hatutamleta kwa ule uchunguzi wa marudio, hata utume gari. Kola yako tumeitupa. Tafadhali usituulize.

Msalimie msaidizi wako aliyekwaruzwa shingoni, msalimie yule mbwa mwenye bandeji aliyejificha chini ya meza alipomwona Katibu, na umsalimie mkeo kama yupo, maana Bibi bado anasubiri jibu.

Wako mwenye kuonekana kupita kiasi,
Mjukuu wa yule Bibi

Tanbihi: Leo asubuhi, barua ikiwa tayari kwenye bahasha, Katibu alinikonyeza. Kwa jicho la kushoto. Bibi akaacha sufuria motoni: "Muulize rangi ya ukuta, upesi." Mjomba akatoka chumbani na kiatu kimoja: "Ukuta utangoja, mama. Aulizwe kwanza habari ya mchumba." Mimi sikumuuliza kitu. Nilimsogeza dirishani penye mwanga, nikaona chozi, na ule utando kwenye kona. Naandika mistari hii kwenye benchi lako la nje, kapu mapajani. Mbele yangu kuna mbuzi na mwenye mbuzi, kisha sisi. Cheti achana nacho. Kola nimekuja nayo. Ilikuwa chini ya kitanda changu. Nimeipangusa, nimeivaa mkononi nisije nikaisahau, na kila nikigeuka kutazama kama mlango wako umefunguliwa, inagonga benchi: tak.